Vitonge vya Mbweha na Mkono wa Mugisho

Safari hii niliifunga kwa sababu ya maneno matatu niliyoambiwa kwenye simu: kamkwaruzo kadogo tu.

Ninyi wa Muheza mnanijua, mimi si mtu wa kutembeatembea. Nimekaa Johannesburg zaidi ya miaka thelathini, na njia ninayoijua vizuri ni ile ya kutoka kwetu Berea, ghorofa ya sita lifti mbovu, mpaka mjini kwenye maduka ya vitambaa, na kurudi. Shule niliishia darasa la tatu. Kwa hiyo mkiona nimeacha njia katikati ya habari, ningojeni, nitarudi.

Jumatatu alasiri nilikuwa kwenye cherehani nafupisha suruali ya bwana harusi mmoja mfupi kuliko alivyojieleza. Simu ikalia. Alikuwa Mugisho. Huyu Mugisho ni Mkongo wa Bukavu, mlinzi kwenye shamba la farasi huko nje ya mji, upande wa kaskazini magharibi. Wiki tatu yuko kazini, wiki moja yuko kwetu, analala nyuma ya pazia nililolishona mwenyewe. Ni Mkristo wa kupiga ngoma na kulia, mimi ni Mwislamu wa kimyakimya, na tumeishi vizuri. Mimi ananiita Mzee, na mke wangu Zuhura anamwita Mama.

"Mzee, shikamoo. Mama eko?"

"Yupo. Mbona unanong'ona?"

"Iko hapa."

"Nani?"

"Ile nyama. Mbweha. Iko inje ya geti, mchana hivi na jua lote. Imekaa sawa mutu mwenye anangoja. Siku ya tatu sasa, Mzee. Haiogope."

Kwao mnyama ni nyama. Nikamwambia amtupie jiwe.

"Jana niliipatia mukate," akasema. "Kupitia vyuma vya geti. Ilikuwa inaniangalia, Mzee, sawa mutu mwenye anataka kusema kintu. Ikanishika mukono. Ni kamkwaruzo kadogo tu."

Suruali ya bwana harusi ikaniponyoka.

"Hii haiko nyama," Mugisho akaendelea. "Kuna mutu aliituma. Kuja na ile dua yako. Na kuna bantu banatupa sumu kwa fensi, nimeokota ndoo nzima."

Hapa lazima niwaeleze. Wezi wa huku, kabla hawajaingia kwa mtu, hutupa nyama yenye sumu ili mbwa wafe kwanza. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mlinzi kila asubuhi ni kuzunguka fensi na kuokota chochote kilichotupwa. Mwenye shamba, mama mmoja wa Kizungu, alimwamuru hivyo siku ya kwanza: usiache kitu chini. Mugisho ni mtu wa kutii.

Lakini mimi sumu sikuiwaza. Niliwaza kaka yangu Athumani. Wakubwa wenu wanamkumbuka. Nilikuwa na miaka minane. Mbwa asiyejulikana mwenyewe alimparura tukitoka chuo cha Kurani, naye akaniambia, "Kamkwaruzo kadogo tu, usimwambie mama." Sikumwambia. Ngozi ikaziba, wiki zikapita, tukasahau. Kisha alfajiri moja baba akamletea kopo la maji ya kutawadha. Athumani akayatazama yale maji, koo likaanza kumvuta peke yake, akarudi nyuma mpaka ukutani kama aliyeonyeshwa nyoka. Siku ya tatu tukamzika. Mpaka leo sipendi mtu anayemimina maji nyuma ya mgongo wangu.

Zuhura alinitazama akajua.

Jumanne asubuhi akanifungia maandazi na chupa ya chai, akanifukizia koti kwa udi. Nikamwambia nakwenda kwa mgonjwa, si kwa mchumba. Akasema, "Unakokwenda hatujui kuna nini. Nenda unanukia."

Teksi niliipanda mjini. Watu wakapungua njiani, mmoja hapa, mwingine pale, mpaka nikabaki mimi na dereva na muziki wake. Nikamwambia anishushe baada ya robot ya mwisho, yaani zile taa za barabarani. Akanitazama kwenye kioo.

"Madala," akasema, yaani mzee, "huko unamfuata nani? Huko hakuna watu."

"Kuna mtu mmoja," nikasema.

"Sharp," akasema, maana yake sawa, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Saa nne kasoro nilikuwa peke yangu kwenye barabara ya vumbi. Ilikuwa majira yao ya baridi, wakati ambao nyasi hukauka rangi ya mkate kisha mtu akatupa kiberiti. Moto ulikuwa umepita siku chache nyuma. Pande zote mbili vilima vilikuwa vyeusi tii, na katikati ya weusi ule mawe meupe yametoka nje, kama mifupa, Mungu anisamehe. Hakukuwa na ndege. Hakukuwa na upepo. Kuna harufu ya moshi lakini moshi wenyewe huuoni. Nilisikia viatu vyangu, na baada ya muda nikasikia kitu kingine kinachokanyaga majivu.

Upande wa pili wa fensi kulikuwa na mbwa anatembea. Ndivyo nilivyodhani. Mgongo mweusi wenye mvi, ubavu mwekundu, masikio makubwa. Alikuwa anakwenda mwendo wangu mimi, mwendo wa mzee mwenye goti bovu. Nikasimama. Akasimama. Nikaenda hatua tatu, akaenda zake tatu. Nikamtazama usoni, na hapo nikaona si mbwa, na mdomo wake hausikilizani naye: taya limelegea upande mmoja, na uzi wa mate unaning'inia unang'aa juani, haukatiki.

Mbweha nawajua. Kwetu walikuwa wakiiba kuku. Mbweha ukimwona, umeona mkia. Huyu alikuwa ananitazama bila kupepesa, na sikuona hasira, sikuona njaa. Macho yalikuwa kama dirisha la nyumba iliyohamwa. Akauma waya wa fensi. Hakuuma kwa ukali, aliutafuna taratibu, meno yakilia kwenye chuma, akinitazama.

Niseme ukweli, nilitaka kurudi Berea. Niligeuka kabisa. Kilichonizuia si ushujaa. Nilihesabu tu kwamba nyuma ni mbali kuliko mbele. Nikasoma Kul-huwallah nikaikosea, mimi niliyeisoma tangu sijang'oa meno. Maandazi yakaanguka, nikayaacha.

Geti la shamba lilikuwa mbele kwenye kona. Mugisho alifungua kadiri ya mtu mmoja mwembamba, akanivuta, akafunga kwa makomeo mawili.

"Umeiona," akasema.

"Nimemwona."

"Ilikusindikiza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mbwa wa pale, wawili wakubwa wa kutisha, walikuwa wamejibana chini ya trekta bovu, hawabweki. Pua zao zilikuwa zimeelekea ukutani. Kule bandani farasi walikuwa wanapiga mateke mbao, kituo, mateke, kituo. Mbweha alifika, akakaa mbele ya geti, hatua kumi hivi, akatazama vyuma.

"Nionyeshe mkono."

Mugisho alikuwa ameufunga kitambaa, akashusha mkono wa shati juu yake. Nikakifungua. Mistari miwili chini ya kidole gumba, mmoja umeingia kidogo. Kitu ambacho mama angekipuliza mtoto akanyamaza.

"Twende hospitali. Sasa hivi."

"Mzee, hapana. Patron akisikia niliipatia mukono, atasema nilifungua geti. Atanifukuza. Bana bangu bako Bukavu banakula kwa hii geti." Akacheka kidogo. "Weye soma dua tu. Mimi nitasema Amina kwa Yesu, tutachanganya."

Nikamsimulia Athumani. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu huku, hata Zuhura anajua nusu. Mugisho alisikiliza, akatazama kidonda chake, akashusha shati.

"Ile ilikuwa mbwa," akasema. "Hii imetumwa."

Akanipeleka kuiona ndoo. Ndoo ya rangi ya lita ishirini, imejaa vitonge vya kahawia, kila kimoja kama andazi lililobonyezwa, vinanuka samaki aliyelala. Jua la wiki mbili lilikuwa limevipiga. Kila asubuhi alivikuta kando ya fensi na chini kwenye kijito ambako mbweha hupita, akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akaokota vyote. Alijivunia. "Hakuna hata kimoja kilibaki," akasema. "Hata nyama ya pori haikufa."

Saa sita mchana likaja gari la wazi nyuma. Wakashuka wawili waliokuwa wakizunguka mashamba ya kule: mwanamke kijana mwenye kofia, daktari wa wanyama, na mwanamume mnene wa Kizulu mwenye bunduki. Waliposhuka tu wakamwona mbweha. Daktari akainua mkono, sote tukanyamaza. Mbweha aligeuza kichwa kuwatazama, akainuka, akawaendea. Hakukimbia, alitembea kama anayekwenda kusalimia wageni.

Mlio wa bunduki ulikuwa mmoja. Baadaye farasi waliacha kupiga mateke wote kwa pamoja, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mateke.

Yule Mzulu alivaa glavu ndefu, akamtia mbweha kwenye mifuko miwili, akasema kichwa kitapelekwa kupimwa. Hakucheka wala hakujisifu. Alinawa mpaka viwiko.

Sasa daktari akatujia getini. Kiingereza changu mimi ni cha kununulia uzi na zipu, kwa hiyo Mugisho ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Yeye ni hodari. Akasimama pembeni yangu, daktari anasema, yeye ananipa.

"Anasema hii nyama iko na kichaa cha mbwa. Anasema banaweka dawa ya kinywa kwa bambweha ba hapa. Haziko sindano, huwezi kushika mbweha moja moja. Banaweka chanjo ndani ya kitonge, na harufu ya samaki. Mbweha anauma, dawa inapasuka mu kinywa, anakingwa. Anasema..." Hapo Mugisho akageukia kule kwenye ndoo. "Anasema banafurahi. Vitonge vyote vya upande huu viliisha. Bambweha balikula vyote."

Nikamtazama. Akatazama viatu.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ndoo. Mwambie mkono."

Mugisho akamgeukia daktari, akasema maneno mengi, akionyesha koti langu, akionyesha barabara. Daktari akatabasamu, akanipa mkono, akasema kitu cha upole.

"Umemwambia nini?"

"Nimesema weye ni fundi mukubwa mu Berea, umekuja kunisalimia. Anasema karibu."

"Mugisho!"

"Mzee, weye nisikie." Alinivuta kando, daktari akingoja na tabasamu lake. Uso wa Mugisho ulikuwa umepata mwanga. "Umesikia, ni chanjo ya kunywa. Kunywa, Mzee! Iko ndoo nzima hapa ndani. Minapasua kimoja, minakunywa, kwisha. Hakuna hospitali, hakuna patron. Mungu aliniambia okota, okota, sikujua kwa nini."

Alikuwa ameshaanza kwenda. Nawaambia kweli, kumwona mtu mzima wa watoto wanne anakimbilia ndoo ya chakula cha mbweha kwa furaha, kuliniogofya kuliko yule mnyama kwenye waya. Kwa sababu ilikuwa na akili. Hata mimi kwa nukta moja nilisema moyoni, huenda. Na ile huenda ndiyo iliyonifanya nimfichie Athumani siri yake, huenda kitapona, mpaka kopo la maji.

Basi nikafanya jambo ambalo sikulifanya nilipokuwa na miaka minane. Nikamkamata Mugisho mkono, nikamrudisha mpaka mbele ya daktari kama mwizi, nikalipandisha shati lake mwenyewe. Nikafungua kitambaa. Kisha nikakitoa Kiingereza changu chote cha uzi na zipu, nikaongeza Kizulu cha sokoni na Kiswahili cha hasira.

"Doctor. This man. That one, dead one. Sunday. Bite." Nikaonyesha ndoo kule. "All, all, he take. No mbweha eat. He. He sick soon. Please."

Daktari alitazama mkono, kisha akatazama ndoo, kisha akakaa chini, pale pale vumbini, kofia ikaanguka. Hakukaa sana. Alipoinuka alimshika Mugisho kifundo cha mkono kama anayeshika kikombe kilichojaa, akampeleka bombani.

Akamwosha kwa sabuni. Nilidhani ataosha kama tunavyoosha. Aliosha mpaka maji yakatengeneza kijito mpaka kwenye trekta, na mbwa wakatoka chini yake kuangalia. Aliosha na kusuuza na kuosha tena, hanyanyui macho. Mugisho alikuwa analia bila sauti.

"Ataniambia nini patron?" akaniuliza.

"Kwanza uwe hai wa kuambiwa."

Daktari alieleza, na safari hii Mugisho alinitafsiria yote, neno kwa neno, hata yaliyomwuma. Kwamba dawa ile ya vitonge ni ya wanyama, si ya watu. Kwamba hata kwa wanyama hukaa kwenye deli la barafu, na ile ya ndooni jua limekwishaiua zamani. Kwamba mtu ana sindano zake: nyingine huingia kando ya kidonda chenyewe siku ya kwanza, nyingine begani kwa siku zilizopangwa, na usikose hata moja. Kwamba ugonjwa ukishaanza kuonekana, hakuna anayerudi. Hili la mwisho alilitafsiri polepole.

"Namjua," nikasema. "Mwambie namjua asiyerudi."

Yule mama mwenye shamba alikuja na buti zake. Nilijiandaa kwa matusi. Daktari akamwambia yote, akatoa kwenye sanduku la barua la pale getini karatasi iliyotiwa humo wiki mbili nyuma, ya kueleza vitonge. Ilikuwa bado haijafunguliwa. Yule mama akaisoma amesimama. Masikio yakamwiva. Akamwambia Mugisho, na Mugisho akanipa: "Anasema mimi nilifanya vile alisema. Anasema tuingie mu gari yake."

Alasiri ile tulikuwa zahanati. Muuguzi akafanya kazi yake; sindano ya kando ya kidonda ilimfanya Mugisho ataje watakatifu ambao kanisa lake halina. Magharibi nilimpandisha ngazi za Berea, ghorofa sita, goti langu na mkono wake.

Baada ya siku chache daktari alipiga simu. Kichwa kilipimwa. Ilikuwa ndiyo.

Sasa kuhusu siku zile za kungoja. Sindano zote alichomwa, muuguzi alisema amewahi, kaeni kwa amani. Tulikaa, lakini si kwa amani. Kila asubuhi Zuhura aliweka glasi ya maji mezani mbele ya Mugisho. Hakusema kunywa. Aliweka tu, akarudi nyuma, akakunja mikono kwenye kanga. Mimi niliacha cherehani. Mugisho aliitazama glasi, nasi tulimtazama yeye, tukatazama koo. Magari ya chini barabarani tuliyasikia yote. Kisha ananyanyua, anameza, na mfupa wa koo unapanda na kushuka, na Zuhura anasema "Haya," anakwenda kukaanga mayai. Siku moja alipaliwa, akakohoa, maji yakamtoka puani. Zuhura alikuwa ameshafika mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi, sijui wa kufanyia nini.

"Ni maji tu imepita njia mbaya!" Mugisho akapaza sauti. "Mama, nyinyi mutaniua kabla ya mbweha!"

Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini kesho yake glasi ilikuwapo.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mugisho akiwa amesharudi getini, daktari akaomba kitu. Vitonge vipya vilikuwa vimefika, na hakuna aliyejua mapito ya mbweha wa upande ule kama mtu aliyeviokota vyote. Kwa hiyo aliyeviondoa ndiye aliyevirudisha. Nami nikaenda, kwa hiari yangu, safari ya pili katika maisha. Zuhura alitaka kufukizia koti, nikamwambia safari hii hapana, kule harufu ya mtu inaharibu kazi.

Vile vilima vyeusi sikuvitambua. Vilikuwa kijani kama vimesahau. Tulivaa glavu, Mugisho akatangulia, anaweka kitonge chini ya kichaka, kingine kwenye jiwe la kijitoni, kama anayeandaa meza kwa wageni wasiopenda kuonwa. Kisha tukakaa mbali, juu ya mwamba. Saa kumi jioni akatokea mmoja. Alinusa hewa, akajivuta kwa tumbo, akachukua kitonge, akatafuna huku masikio yakizunguka. Goti langu likalia. Akatuona. Aliruka kama aliyeunguzwa, na tulichobaki nacho ni mkia.

Mugisho akanishika bega. "Imetuogopa, Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa zawadi. "Umeona? Imetuogopa kabisa."

Nilichojifunza ni hicho, na ni kidogo, sijui kama kinastahili safari mbili. Zamani nilidhani mnyama anayekukimbia amekunyima kitu. Sasa mnyama, akinikimbia, namshukuru. Na kwa Athumani nimeomba msamaha, mahali penyewe nilipaona panafaa, pale kwenye mwamba, na sikuona aibu mbele ya Mugisho.

Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Zuhura akauliza habari za huko. Nikamwambia ngoja kwanza, ngazi zimeniua, nipe maji. Akanimiminia mbele yangu, si nyuma. Nikakaa, nikanywa glasi nzima, naye akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono kwenye kanga, akanitazama nikimeza.